Mnyama ni wa Umma, Geti Lina Mwenyewe: Mwongozo wa Kuwinda Pronghoni kwenye Ranchi za Watu

Kama unaishi Boise, Missoula au Denver na umewahi kuendesha gari kuvuka Wyoming, pronghoni umeshamwona. Ni yule mnyama wa rangi ya udongo, tumbo na matako meupe, mistari myeupe shingoni, anayesimama katikati ya nyika peupe bila kujali kujificha. Hana haja ya kujificha. Macho yake makubwa yako pembeni mwa kichwa na humwona mtu akiwa bado mbali, na akiamua kukimbia hakuna mnyama wa Amerika anayemfikia, maana mbio zake hukaribia kilomita 90 kwa saa. Wenyeji humwita swala, lakini jamaa zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi, yule yule okapi wa msitu wa Ituri.

Wenzetu wengi waliohamia huku huuliza swali moja. Nyama ile inaliwa, leseni inatolewa, mbona kila nikitaka kushuka garini nakuta seng'enge na kibao cha kukataza kuingia? Mwongozo huu ni jibu la swali hilo. Nitazungumza zaidi juu ya Wyoming na Montana, kwa kuwa ndiko pronghoni waliko kwa wingi na ndiko utaratibu wa kuwafikia umekomaa.

Nani ana nini

Anza na sheria, maana ndiyo inayopanga mengine yote. Katika majimbo ya Marekani mnyamapori hana mmiliki binafsi. Jimbo humshika kama amana kwa niaba ya wananchi wote, na idara ya wanyamapori ya jimbo ndiyo inayohesabu wanyama, inayopanga msimu na inayotoa leseni. Mwenye ranchi ya ekari 20,000 hana pronghoni hata mmoja wa kuita wake, na akitaka kuwinda nyuma ya nyumba yake anahitaji leseni kama wewe. Ila ardhi ni yake. Nani aingie, lini, apite wapi, yote ni juu yake. Leseni inakupa haki ya mnyama mmoja, haikupi hata hatua moja katika ardhi ya mtu.

Aliyetoka Tanzania hatashangaa sana, kwani huko nako wanyamapori ni mali ya umma na uwindaji wa kitalii hufanyika kwenye vitalu kwa kibali. Aliyetoka Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, atakuta jambo jipya kwake: huku wawindaji ni miongoni mwa walipaji wakubwa wa uhifadhi. Tangu sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, bunduki za kuwindia na risasi hutozwa ushuru wa asilimia 11, na fedha hizo hurudi kwenye majimbo kwa kazi ya wanyamapori. Ada za leseni huongezwa juu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 pronghoni waliobaki Amerika Kaskazini nzima walikuwa takriban 30,000. Leo wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu, na Wyoming ina wengi kuliko jimbo lolote.

Kwa nini ranchi ndiyo yenye kauli

Pronghoni hali kwenye ardhi ya serikali peke yake. Mabonde yenye maji, mashamba ya majani ya mifugo na miteremko inayopigwa na upepo hadi theluji ikapungua, sehemu kubwa ya hayo ni mali ya watu, kwa sababu walowezi wa karne ya 19 walichukua kwanza palipo na maji. Majira ya baridi chakula chake kikuu ni sejibrashi, kile kichaka cha kijivu chenye harufu kali, na ili akifikie huhama. Kundi moja linalokaa kiangazi katika Hifadhi ya Grand Teton hushuka kila mwaka hadi bonde la mto Green, safari ya zaidi ya kilomita 200. Mwaka 2008 sehemu ya njia hiyo iliyo ndani ya msitu wa taifa wa Bridger-Teton ilitambuliwa rasmi kuwa ushoroba wa wanyama, wa kwanza wa namna yake nchini. Mwaka 2012 daraja la wanyama likajengwa juu ya barabara kuu pale Trappers Point, karibu na Pinedale, na sasa wanapita juu huku malori yakipita chini. Lakini kabla na baada ya daraja hilo kuna ranchi baada ya ranchi, na kila ranchi ina ua.

Hapo ndipo penye shida yenyewe. Pronghoni huruka ua mara chache sana. Ni mnyama wa nyika tupu, na akifika kwenye seng'enge huinama akapenya chini. Nenda kwenye ua wowote wa zamani wenye nyaya tano, uchuchumae, uangalie waya wa chini kabisa. Utakuta nywele nene, nyeupe kwenye shina na kahawia kwenye ncha, zimenasa kwenye miiba, na chini yake kijishimo laini kilichochimbwa na matumbo yaliyopita. Mnyama anayepenya hapo mara kwa mara huwa na mstari wa kipara mgongoni, wakati mwingine na kidonda juu yake. Katika nchi ambayo Januari inaweza kushuka nyuzi 30 chini ya sifuri, kipara hicho ni hasara kubwa. Theluji ikijaa ule mwanya, hata kupenya hakuwezekani tena, na kundi zima litatembea kando ya ua likitafuta tundu mpaka nguvu ziishe.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Red Rim, karibu na Rawlins, Wyoming. Mwaka 1983 mwenye ranchi mmoja alijenga ua wa maili 28, sawa na kilomita 45, ukazunguka zaidi ya ekari 20,000. Karibu nusu yake ilikuwa ardhi ya umma iliyochanganyika na ya kwake mraba kwa mraba, kama nyumba za ubao wa drafti. Pronghoni walioshuka kutafuta malisho ya baridi walikuta njia imefungwa. Kesi ilifika mahakama ya rufaa ya Mzunguko wa Kumi, na mwaka 1988 majaji wakaamua kwamba ua ule umevunja sheria ya mwaka 1885 inayokataza kuizingira ardhi ya umma, na kwamba ni lazima uondolewe au urekebishwe ili wanyama wapite. Ishike kesi hii akilini, tutarudi kwayo.

Baridi kali ya mwaka 2022 kuingia 2023 ilikumbusha kila mtu jinsi hesabu hizi zilivyo nyepesi kuanguka. Magharibi ya Wyoming theluji ilikaa muda mrefu, na juu yake ukazuka ugonjwa wa mapafu wa Mycoplasma bovis, ambao kwa kawaida ni wa ng'ombe. Pronghoni walikufa kwa maelfu na idara ikapunguza maelfu ya leseni. Majike wengi huzaa mapacha, kwa hiyo kundi linaweza kurudi haraka, ila lipate pa kurudia.

Na tishio kubwa kuliko ua ni ranchi kuuzwa na kukatwa viwanja. Ng'ombe na pronghoni hukaa pamoja bila ugomvi mkubwa. Nyumba mia mbili, mbwa na barabara zake hazikai naye. Wakenya wanaijua habari hii kutoka Kitengela, kusini ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ambako kuanzia mwaka 2000 wenye ardhi walilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua wala kuuza, nyumbu na punda milia wapate kupita. Kwa hiyo jimbo la Marekani linapomlipa mwenye ranchi afungue geti kwa wawindaji, usilione kama upendeleo kwa tajiri. Ni moja ya njia za kuifanya ranchi ibaki ranchi, na mimi naiona fedha iliyotumika vizuri.

Makaratasi kabla ya bunduki

Kabla hujashika bunduki, jua hali yako ya uhamiaji inasemaje. Sheria ya serikali kuu inamkataza mtu anayeishi nchini bila hati halali kumiliki au kushika bunduki au risasi. Mwenye viza ya muda, kwa mfano ya masomo au ya utalii, naye amekatazwa, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani au awe amepata msamaha mwingine uliotajwa kwenye sheria. Mwenye kadi ya kijani na mkimbizi aliyepokelewa rasmi hawamo kwenye katazo hilo la uhamiaji. Kama kesi yako ya uhamiaji bado inaendelea, muulize wakili wako kwanza, hata kama rafiki amekwambia hakuna neno. Kosa la bunduki linaweza kukugharimu ukaazi wako.

Pili ni mafunzo ya uwindaji salama. Wyoming inamtaka kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1966 au baadaye awe na cheti. Colorado inahesabu kuanzia waliozaliwa 1949. Mafunzo si ghali na hayachukui muda mrefu, na mimi namshauri hata mtu mzima aliyewahi kuwinda kwao aende, kwani humo ndimo utakapojifunza jinsi ya kuvuka ua na bunduki mkononi bila kumuua mwenzako.

Tatu ni leseni. Leseni za pronghoni hutolewa zaidi kwa kura. Unaomba eneo fulani la uwindaji, kwa namba yake, na maombi ya Wyoming na Montana hufungwa mwanzoni mwa Juni. Wyoming hutoa matokeo katikati ya mwezi huo, na zilizobaki huuzwa baadaye. Ukiwa umeishi Wyoming mwaka mzima unahesabiwa mkazi, na bei inashuka sana. Zipo leseni za mnyama yeyote, ambazo kila mtu anazitaka kwa ajili ya pembe za dume, na zipo za jike au mtoto wa mwaka, ambazo ni nafuu na rahisi kupata. Kama unachotaka ni nyama, omba ya jike. Na mwenye ranchi aliyechoka kuona makundi kwenye majani yake ya mifugo atampokea mwindaji wa majike kwa moyo mweupe kuliko yule anayetafuta pembe za kutundika ukutani.

Hapa ndipo wageni wengi wanapoteleza. Wanaona eneo lina leseni nyingi, wanaomba, wanapata, kisha Septemba wanagundua eneo lote ni ranchi za watu na hakuna pa kuingilia. Wyoming yenyewe huweka alama kwenye maeneo ambayo kuyafikia ni vigumu, na huwataka waombaji watafute ruhusa kabla ya kuomba. Soma pia maelezo ya chini ya kila leseni, maana nyingine hutumika kwenye ardhi ya watu binafsi tu. Fuata mpangilio huu bila kuugeuza: pa kuingilia kwanza, leseni baadaye.

Milango ambayo tayari imefunguliwa

Kabla hujapiga hodi kwa mtu, tumia milango ambayo jimbo limeshaifungua kwa niaba yako. Wyoming ina mpango uitwao Access Yes, unaoendeshwa kwa sehemu na michango ya wawindaji wenyewe wanapoomba leseni. Chini yake kuna maeneo ya kuingia kwa miguu, ambako mkataba umeshafanywa na mwenye ardhi na wewe huhitaji kumtafuta. Fuata tu mipaka na tarehe zilizoandikwa kwenye kibao, na uache gari mahali palipotengwa. Kuna pia maeneo makubwa zaidi ambako lazima uchukue karatasi ya ruhusa kutoka kwa idara. Mengine hayana kikomo cha karatasi, mengine yana idadi maalumu, na hizo huisha mapema.

Montana mpango wake unaitwa Block Management. Ulianza mwaka 1985, na leo una mamilioni ya ekari na zaidi ya ranchi elfu moja. Kwenye baadhi ya ranchi utakuta kisanduku kando ya geti chenye kadi, unajaza mwenyewe unaingia. Kwenye nyingine lazima uzungumze na mwenye ranchi au na mtu aliyewekwa kupokea maombi. Ijaze kadi ile kikamilifu, hata kama ni alfajiri, kuna upepo na kalamu imeganda. Malipo ya mwenye ranchi hufuata idadi ya siku za wawindaji, na siku ambayo haikuandikwa kwake haikuwepo. Nimeona watu wanapita kisanduku kama hawakukiona. Huo ni wizi mdogo, na mwisho wake ni ranchi kujitoa kwenye mpango.

Kwa ramani, jifunze rangi. Kwenye ramani za idara ya ardhi ya shirikisho, njano ni ardhi ya umma ya idara hiyo, buluu ni ya jimbo, nyeupe ni ya watu. Programu ya simu ya onX, iliyotengenezwa Missoula, itakuonyesha umesimama juu ya ardhi ya nani. Pakua ramani kabla hujaondoka nyumbani, kwa kuwa huko nyikani mara nyingi mtandao haupatikani. Ardhi ya jimbo la Wyoming inaruhusu kuwinda kama una njia halali ya kuifikia, ila hairuhusu kupiga kambi wala kuwasha moto.

Kupiga hodi

Sasa tuje kwenye geti lenye mwenyewe. Wyoming na Montana, mwindaji anahitaji ruhusa hata kama hakuna kibao. Ardhi kutokuwa na maandishi si kibali. Montana ukiona nguzo imepakwa rangi ya chungwa inayong'aa, ujue hilo ndilo tangazo lenyewe la kukataza.

Nenda mapema. Mei au Juni ni vizuri, Julai bado inafaa, usiku wa kuamkia ufunguzi wa msimu ni utovu wa adabu. Kama unaweza, piga simu kwanza. Nasema hivi hasa kwa sisi wenye sura na lafudhi ambazo hazijazoeleka katika wilaya zile. Gari lisilojulikana likiingia njia ya maili tatu kuelekea nyumba ya mtu huleta wasiwasi pande zote mbili, na simu huuondoa. Ukienda mwenyewe, nenda mchana, epuka saa za chakula na siku za kukata majani au kuhesabu ndama, na uende wawili, si gari limejaa. Acha nguo za kuwindia na bunduki nyumbani. Simama karibu na gari mpaka mbwa wakubali.

Mwite Bwana au Bibi pamoja na jina la ukoo, mpaka mwenyewe akwambie umwite kwa jina lake, na wengi watakwambia hivyo upesi. Kisha sema jambo lako wazi, kwa Kiingereza chako hicho hicho. Maana yake iwe hivi: "Naitwa fulani, naishi Casper, nafanya kazi hospitali. Nataka kuomba leseni ya jike katika eneo hili. Naomba ruhusa ya kuwinda hapa kwako, kwa miguu, siku mbili za Oktoba. Nitakuwa na ndugu yangu mmoja. Niambie pasipofaa kuingia nami sitaingia." Mpe karatasi yenye jina, simu na namba ya gari. Watu wale hupenda maneno machache yenye mambo ndani yake.

Akikataa, mshukuru, ondoka, na usiulize sababu. Huenda ranchi imekodishwa kwa kampuni ya kuongoza wawindaji, huenda watu wa mjini walimwachia geti wazi ng'ombe wakaenda barabarani, huenda watoto wake wenyewe wanawinda. Akitaja ada, ujue ni kawaida. Uliza ni kiasi gani na inahusu siku ngapi, ukubali au ukatae kwa upole. Akionyesha hofu kwamba utaumia kisha umshtaki, unaweza kumwambia kwamba sheria za Wyoming na Montana zinampa kinga kubwa mwenye ardhi anayeruhusu watu waingie bila malipo. Ila usimgeuzie somo la sheria kwenye kibaraza chake.

Akikubali, omba ruhusa kwa maandishi, hata mistari miwili yenye tarehe na sahihi. Muulize maswali haya papo hapo: mipaka ni ipi, ng'ombe wako wapi, gari liishie wapi, mabaki ya matumbo niyaache wapi, na baada ya mvua niingie au nisiingie. Swali la mwisho ni muhimu. Udongo wa huko ukilowa hushika gurudumu, na mfereji utakaouchimba siku moja utabaki kwenye njia yake mwaka mzima.

Kona

Turudi kwenye ule mchanganyiko wa mraba kwa mraba. Ulitokana na serikali kuipa kampuni ya reli, katika karne ya 19, mraba mmoja wa maili na kubaki na unaofuata. Matokeo yake kuna ardhi ya umma inayogusana na nyingine kona kwa kona tu, na kuifikia ni lazima uruke kutoka mraba wa umma hadi mwingine kwenye ncha moja. Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walitumia ngazi kuvuka kona ya namna hiyo kwenye mlima Elk, Wyoming, bila kukanyaga ardhi ya mtu. Walishtakiwa kwa jinai, na baraza la wazee wa mahakama likawaachia mwaka 2022. Mwenye ranchi akaendelea na kesi ya madai. Machi 2025 mahakama ile ile ya rufaa ya Mzunguko wa Kumi iliwapa wawindaji ushindi, ikitegemea ile sheria ya 1885 na uamuzi wake wa pronghoni wa Red Rim. Oktoba 2025 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa.

Uamuzi huo unafunga Wyoming, Colorado, Utah, New Mexico, Kansas na Oklahoma. Montana na Idaho ziko chini ya mahakama nyingine, na idara ya Montana inashikilia kwamba kuvuka kona bila ruhusa bado ni kosa. Hata Wyoming, vuka tu penye alama rasmi ya upimaji uliyoiona kwa macho. Simu inaweza kukosea mita kadhaa, na mita moja inatosha kukutia hatiani. Na mimi naona hivi: kama nyumba ya ranchi iko karibu, piga simu kwanza hata kama huna lazima. Miaka mitano ijayo utahitaji kuzungumza na watu hawa.

Siku yenyewe

Geti la waya la ranchi halina bawaba. Ni nyaya zilizofungwa kwenye vijiti, na kijiti cha mwisho kimeshikwa na vitanzi viwili, juu na chini, kwenye nguzo kubwa. Kumbatia kijiti na nguzo pamoja, sukuma kwa bega mpaka kitanzi cha juu kilegee, kivue, kisha nyanyua kijiti kutoka kitanzi cha chini. Kufunga ni kinyume chake, chini kwanza. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi, kwa kuwa huenda ndiyo njia pekee ya ng'ombe kwenda kwenye maji.

Usiegeshe gari juu ya nyasi kavu, maana bomba la moshi lina joto la kuwasha moto wa maelfu ya ekari. Usipige risasi kutoka garini wala kutoka barabara ya umma wala kuivuka; kwa pronghoni, ambaye huonekana kutoka barabarani, makosa haya ndiyo mengi. Vaa vazi la chungwa linalong'aa kama sheria inavyotaka. Tembea ukitumia mabonde na vilima, tambaa ikibidi, sogea mpaka uwe na uhakika. Pronghoni hukaa makundi, na risasi ikimpita mmoja itampata wa nyuma. Subiri jike asimame peke yake, ubavu wazi, bila mwingine nyuma yake, ulenge nyuma ya bega. Usimpige anayekimbia. Mnyama mwenye jeraha atavuka ua wa jirani, na hapo utahitaji ruhusa ya mtu wa pili kabla ya kumfuata.

Akianguka, jaza kuponi ya mzoga iliyo kwenye leseni yako kabla hujaondoka mahali hapo: tarehe, sahihi, ifunge kwenye mnyama. Acha ushahidi wa jinsia ukiwa umeshikana na nyama.

Kuhusu nyama, watu wengi huku watakwambia pronghoni ana ladha mbaya. Ladha hiyo huletwa na joto. Septemba jua bado ni kali, na nywele zake zina uwazi ndani unaohifadhi joto kama ilivyokusudiwa kwa ajili ya baridi. Toa matumbo mara moja, chuna ngozi ndani ya saa ya kwanza ukiweza, weka nyama kwenye sanduku la barafu lililo garini tayari, maji ya barafu yasiloweshe nyama. Ukifanya hivyo utapata nyama laini inayofaa pilau na mchuzi wa nazi bila kuogopa harufu. Kuacha nyama inayolika porini ni kosa la jinai.

Mwislamu aje na kisu chenye makali na ataje jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua. Akimkuta mnyama bado ana uhai, amchinje. Mafakihi wengi wa siku hizi huruhusu kilichopigwa kwa risasi inayopenya, lakini muulize shekhe wako kabla ya msimu.

Fungu la mwenye ranchi na la mnyama

Leseni ya pronghoni ya Wyoming ina kipande kiitwacho kuponi ya mwenye ardhi. Ukimpata mnyama kwenye ranchi yake, mkatie umpe, naye hulipwa na jimbo akiipeleka. Si fedha nyingi, lakini ni haki yake, na kuisahau ni kumdhulumu. Pita nyumbani kwake siku hiyo hiyo umwambie umetoka na umepata au hukupata. Mpe fungu la nyama akilitaka. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema wahenga, na mwenye ranchi akiona amepona kwa kuja kwako, mwaka unaofuata atapokea simu yako.

Kisha rudi Aprili au Mei, theluji ikiyeyuka, wakati ua umeanguka na mikono haitoshi. Hii ndiyo sehemu ya uwindaji ambayo wengi hawaifanyi, na kwa pronghoni ina faida kuliko leseni utakayonunua. Mwombe mwenye ranchi umsaidie kutengeneza, na umuulize kama yuko tayari kuubadilisha waya wa chini. Kipimo kinachopendekezwa ni hiki: waya wa chini uwe laini usio na miiba, sentimita 45 kutoka ardhini, usipungue 40, waya wa juu kabisa usizidi mita moja hivi, ili wanyama wengine wanaoruka wapite juu, na kati ya nyaya mbili za juu kuwe na sentimita 30 ili mguu usinaswe. Ng'ombe watabaki ndani. Kama anafuga kondoo, kazi ni ngumu zaidi, maana wavu wa kondoo humzuia pronghoni kabisa, lakini hata hapo mnaweza kupanga mageti yawe wazi miezi ambayo kondoo hawapo.

Gharama isimtishe, kwani Idara ya Kilimo ya Marekani na mifuko ya jimbo huchangia ua rafiki kwa wanyama. Karibu na mji wa Cody, Wyoming, kikundi cha Absaroka Fence Initiative hukusanya watu wa kujitolea, wenye ranchi na maofisa siku moja, wakang'oa ua uliokufa na kurekebisha uliopo. Jiandikishe, hata kama huna ranchi unayoijua bado. Hapo ndipo utakapokutana na wenye ranchi bila kuwaomba kitu. Njoo na glavu za ngozi, koleo la kukatia waya, miwani ya kukinga macho, na nguo usiyoijali, kwani seng'enge ya zamani ikikatwa huruka. Iviringe, uifunge, uitoe kabisa nyikani. Waya uliolala kwenye majani hunasa miguu ya mnyama yeyote apitaye. Kabla ya kupigilia waya mpya, mtafute mtu wa zamani wa ranchi umuulize ni wapi pronghoni hupenya kila mwaka, uanzie papo hapo.